HESABU IRUDI NYUMBANI
Somo kwa walimu na viongozi wa vikundi vya kujisaidia

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze kueleza kwa nini takwimu ni chombo cha kuleta mabadiliko kijijini, waweze kukusanya takwimu za jambo moja wao wenyewe, na wajue la kufanya baada ya kuhesabu.

Muda: Mikutano miwili, saa moja na nusu kila mmoja.

Vifaa: Daftari, kalamu, karatasi kubwa, na kadi za kusomea (tutaeleza jinsi ya kuzitengeneza).

UTANGULIZI

Ndugu wasomaji, vijiji vyetu vimezoea kuhesabiwa. Anakuja mtu na fomu. Anauliza mna mbuzi wangapi, choo kiko wapi, watoto ni wangapi na maji mnachota wapi. Anaandika, anashukuru, anapanda gari na kwenda zake. Hesabu ile inaondoka pamoja na vumbi la gari. Mwaka unaofuata anakuja mwingine na maswali yale yale, na sisi tunajibu tena.

Je, ni nani kati yetu amewahi kurudishiwa majibu yake?

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Vikundi vyetu vinaufuata msemo huo katika mambo ya pesa. Mweka hazina akikosa kuandika hata shilingi hamsini, mkutano mzima unasimama. Lakini mali kubwa kuliko zote, yaani watoto wetu na elimu yao, hatuiandikii daftari. Tunangoja tuambiwe na wengine.

Katika somo hili tukisema "mwalimu" hatumaanishi tu yule mwenye chaki shuleni. Mwalimu wa gumbaru ni mwalimu. Mwalimu wa chekechea, mhudumu wa afya wa kijiji, na katibu anayewafundisha wenzake kuweka vitabu vya kikundi, hao wote ni walimu. Kila mmoja wao anaweza kuwa mleta mabadiliko, kama atajifunza kuhesabu pamoja na watu na kuwarudishia watu hesabu yao.

SEHEMU YA KWANZA: KUWA SHULENI SI KUJUA KUSOMA

Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi. Watoto waliingia kwa wingi. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka kama milioni 5.9 mwaka 2002 hadi kama milioni 7.2 mwaka 2003. Lilikuwa jambo jema sana. Lakini hesabu hiyo ilikuwa ya watoto waliopita mlangoni. Haikutuambia mtoto akitoka jioni amebeba nini kichwani.

Swali hilo lilikuwa limewasumbua pia watu wa India. Huko kuna shirika linaloitwa Pratham. Mwaka 2005 walianza kazi waliyoiita ASER, neno ambalo katika Kihindi lina maana ya "athari" au matokeo. Hawakwenda shuleni kuuliza alama za mtihani. Walikwenda nyumbani kwa watu na karatasi moja yenye herufi, maneno, aya fupi na hadithi fupi, wakamwambia mtoto, "Tusomee hapa." Basi. Mama akasimama mlangoni akasikiliza mwenyewe.

Kwa nini nyumbani? Kwa sababu nyumbani utampata mtoto anayesoma, aliyeacha shule, na yule ambaye hajawahi kwenda kabisa. Ukihesabu shuleni peke yake, wale wanaohitaji msaada zaidi hutawaona.

Mwaka 2009 kazi kama hiyo ilianza kwetu Afrika Mashariki, katika Kenya, Tanzania na Uganda, kwa jina la Uwezo. Hapa Kenya wilaya iliwakilishwa na vijiji 30, na kila kijiji na nyumba 20. Waliopima hawakuwa wakaguzi kutoka Nairobi. Walikuwa watu wa kujitolea kutoka sehemu hizo hizo. Walimpima kila mtoto wa miaka 6 hadi 16 kwa kazi ya darasa la pili: kusoma Kiswahili, kusoma Kiingereza, na hesabu. Wakimaliza, waliwaambia wazazi matokeo papo hapo.

Walipata nini? Ripoti za miaka ya kwanza zilionyesha kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, takriban 3 tu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Watoto 7 walikuwa wamevuka darasa bila kuvuka na masomo yake.

Habari hiyo iliandikwa magazetini na kujadiliwa na wakubwa. Kabla ya hapo, mzazi akilalamika kwamba mtoto wake hajui kusoma, aliambiwa ni mtoto wake tu aliye mzito. Sasa ikajulikana kwamba jambo hili ni letu sote. Hiyo ndiyo nguvu ya kwanza ya takwimu: inaitoa shida katika aibu ya nyumba moja na kuiweka katika baraza la wote. Hapa Kenya kazi hiyo baadaye iliendelezwa na shirika la Usawa Agenda.

SEHEMU YA PILI: HESABU PEKE YAKE HAITOSHI

Hapa tuwe makini, kwa sababu hapa ndipo wengi wanateleza. Tunadhani ukimwambia mtu ukweli, atafanya jambo. Si hivyo siku zote.

Mwaka 2014 watafiti watatu, Lieberman, Posner na Tsai, walichapisha uchunguzi walioufanya katika vijiji vya Kenya. Walitaka kujua kama wazazi walioambiwa matokeo ya watoto wao na Uwezo walibadilika kuliko wale ambao hawakuambiwa. Je, walifuatilia masomo nyumbani zaidi? Je, walikwenda shuleni kuuliza? Jibu lilikuwa hapana. Hawakuona tofauti.

Je, wazazi wetu hawajali? La. Watafiti hao walieleza kwamba kutoka habari hadi tendo kuna mnyororo mrefu. Lazima mtu aielewe ile habari. Lazima iwe mpya kwake. Lazima aone ni jambo zito kuliko mengine yanayomkaba. Lazima aone ni kazi yake, si ya mwalimu au ya serikali peke yake. Lazima ajue la kufanya, awe na uwezo wa kulifanya, na aamini kwamba akilifanya litasaidia. Pete moja ikikatika, mnyororo wote umekatika. Mama aliyeambiwa "mtoto wako hasomi", na yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kusoma, atafanya nini jioni ile? Atasikitika tu, kisha atawasha moto apike.

Jambo kama hilo lilionekana India, katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh. Katika vijiji vingine watu waliitwa mikutanoni wakaelezwa haki zao na kazi za kamati za elimu. Katika vingine walifundishwa pia kuwapima watoto na kuandika hali ya kijiji chao. Watu walikuja, walizungumza, wakarudi nyumbani. Shule hazikubadilika na watoto hawakusoma vizuri zaidi. Lakini kulikuwa na vijiji vya aina ya tatu. Humo, pamoja na mikutano na kupima, vijana wa kujitolea walipewa mafunzo mafupi ya kufundisha kusoma, wakaanzisha vipindi nje ya saa za shule. Si watoto wengi walioenda, lakini walioenda walisonga mbele waziwazi. Mtoto aliyekuwa hajui kitu alianza kutambua herufi.

Watu walikuwa wale wale na takwimu zilikuwa za aina moja. Tofauti ilikuwa kwamba katika vijiji vya tatu hesabu ilikuja na kazi ambayo mtu wa kawaida angeweza kuianza mara moja.

Basi tushike neno hili, ndilo kiini cha somo: Mwalimu haleti mabadiliko kwa kutoa takwimu. Analeta mabadiliko kwa kuifunga kila takwimu na tendo ambalo watu wenyewe wanaliweza.

SEHEMU YA TATU: HATUA TANO ZA KIKUNDI

Hatua ya 1: Chagueni swali moja. Msihesabu kila kitu. Kikundi kinachohesabu choo, mbuzi, vyandarua na madaftari kwa siku moja kitachoka, na karatasi zitaliwa na panya. Jiulizeni: "Tukijua jibu, tutaweza kufanya nini?" Kama hakuna mtakalofanya, swali hilo si la kwenu kwa sasa. Hapa tuchukue swali hili: Ni watoto wangapi wa miaka 8 hadi 14 katika kijiji chetu wanaoweza kusoma aya fupi ya Kiswahili?

Hatua ya 2: Tengenezeni kadi na mwende nyumba kwa nyumba. Kadi ni nne: herufi, maneno mepesi, aya ya sentensi nne, na hadithi fupi. Kiwango kiwe cha darasa la pili, yaani Gredi ya 2. Anzeni na aya. Mtoto akiisoma, mpeni hadithi. Akishindwa, mpeni maneno achague matano. Akisoma manne sawasawa, mwandikeni kiwango cha maneno. Akishindwa, mpeni herufi kwa utaratibu huo huo.

Mwende wawili wawili, na mzungumze kwa heshima. Mfano: "Hodi mama, habari za hapa? Sisi ni wa kikundi, unatujua. Tunataka kujua watoto wa kijiji wanasoma kiasi gani, ili tutafute la kufanya. Hatuandiki jina la mtoto. Unaturuhusu? Hata ukikataa, mama, hakuna ubaya." Mkimaliza, mwambieni mzazi mtoto amefika wapi, na mwanzeni na lile aliloweza.

Hatua ya 3: Pangeni na kulinganisha. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kijiji kina watoto 62 wa umri huo, na matokeo ni haya:

Wasiojua hata herufi: 4
Wanaojua herufi tu: 13
Wanaosoma maneno: 18
Wanaosoma aya: 15
Wanaosoma hadithi: 12

Jumlisheni tatu za kwanza: watoto 35 hawasomi aya. Waliobaki 27 wanasoma. Msiseme "asilimia 56", kwa sababu wengi hawataiona picha. Semeni, "Zaidi ya nusu ya watoto wetu." Au wekeni mahindi 62 chini, mtenge 35 upande mmoja. Hata ajuza asiyejua kalamu ataona.

Sasa ulizeni kwa nini. Katika nyumba zile mliuliza pia: "Wiki iliyopita, mtoto alikosa shule siku yoyote? Kwa sababu gani?" Tuseme kati ya wale 35 wasiosoma, 14 walikosa. Je, tukimbilie kusema kukosa shule ndiko kunaleta shida? Ngojeni. Angalieni kwanza wale wanaosoma. Tuseme kati ya 27, ni 3 tu waliokosa. Kwa hivyo upande wa wasiosoma ni watoto 4 katika kila 10, na upande wa wanaosoma ni mtoto 1 katika kila 9. Hapo kuna dalili. Bado si ushahidi kamili, kwa sababu huenda mtoto asiyesoma ndiye anayekimbia shule kwa kuogopa aibu. Lakini sasa mnajua pa kuchimba. Na kama katika wale 14, wanaotumwa maji ni 9, mmejua tena zaidi.

Wakati mwingine sababu iko mahali ambapo hakuna anayeangalia. Kuanzia mwaka 1998 uchunguzi ulifanywa katika shule 75 za Busia, magharibi mwa Kenya. Watoto walipewa dawa ya minyoo shuleni, na shule zikalinganishwa na zile zilizokuwa bado kupewa. Ilionekana kwamba utoro ulipungua kwa kama robo. Watu walikuwa wakilaumu uvivu, kumbe tumbo la mtoto lina wageni. Hesabu hiyo haikulala kabatini, kwani mwaka 2009 Kenya ilianza mpango wa kitaifa wa dawa ya minyoo shuleni.

Hatua ya 4: Rudisheni hesabu na mwamue tendo. Iteni mkutano. Pigeni picha ya mahindi. Kisha, kabla watu hawajainuka, pateni majibu ya maswali matatu: Tutafanya nini? Nani atafanya? Ataanza lini? Katibu aandike.

Katika mfano wetu, kikundi kinaweza kuamua mambo mawili. La kwanza ni kipindi cha kusoma kila Jumamosi chini ya mti au katika nyumba ya mikutano, kikiongozwa na mwalimu wa gumbaru na vijana waliomaliza sekondari. Watoto wapangwe kwa kiwango, si kwa darasa. Wa herufi pamoja, wa maneno pamoja, hata kama mmoja ni wa darasa la tatu na mwingine wa sita. La pili ni maji. Watu wazima wapange zamu ya kuchota asubuhi siku za shule, na wakati huo barua iende kwa msimamizi wa wadi ikiwa na hesabu yenu: watoto 9 walikosa shule kwa ajili ya maji katika wiki moja. Barua yenye hesabu haijibiwi kwa urahisi kama ile inayosema tu, "Tuna shida kubwa ya maji."

Hatua ya 5: Hesabuni tena. Baada ya miezi mitatu rudini kwa kadi za kiwango kile kile, lakini hadithi iwe nyingine, maana watoto hukariri. Kama wale 35 wamekuwa 24, furahini na mwendelee. Kama bado ni 35, msifiche. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Kaeni chini mwulizane: Watoto walikuja? Vijana walifundisha? Zamu ya maji ilishikwa? Badilisheni njia, kisha mhesabu tena.

SEHEMU YA NNE: MAMBO YA KUJIHADHARI

Takwimu ni kama panga. Inalima na inakata.

Kwanza, msimtie mtoto aibu. Msisome mbele ya watu jina la mtoto wala la nyumba. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka ruhusa ya mzazi kabla ya kuandika habari za mtoto. Orodha ya watoto wa Jumamosi waiandikishe wazazi wenyewe.

Pili, msiitumie kumpiga mwalimu wa shule. Mwalimu mmoja mbele ya watoto sitini au zaidi ni mkulima mwenye jembe moja na ekari kumi. Mwendeeni na hesabu kabla ya mkutano wa kijiji, sio baada. Mwambieni, "Mwalimu, tumeona haya. Wewe unaonaje? Tukusaidie wapi?" Mara nyingi amekuwa akilijua jambo hilo na kukosa wa kumwambia.

Tatu, msipake hesabu rangi. Wako watakaotaka shida ionekane kubwa ili mfadhili aje. Wengine watataka ionekane ndogo ili mkubwa afurahi. Mkidanganya mara moja, siku mtakayosema kweli hakuna atakayewaamini.

Nne, msiache watu nyuma. Mtoto mwenye ulemavu anayekaa ndani, msichana aliyepelekwa kufanya kazi mjini, yatima anayelala kwa shangazi, hao ndio hesabu huwapita. Ulizeni mara mbili: "Hakuna mtoto mwingine anayelala hapa?"

SEHEMU YA TANO: TUNA HAKI YA KUULIZA

Kuna hesabu ambazo si sisi tunazokusanya bali zinatuhusu. Pesa ngapi za serikali zimefika shuleni muhula huu? Vitabu vimekuja vingapi? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ikaongeza kwamba ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na kwamba ofisi ijibu katika siku 21. Asiyejua kuandika anayo haki ya kusaidiwa na ofisa kuliandika ombi lake.

Anzeni kwa upole kupitia wazazi waliochaguliwa katika bodi ya shule. Hao ndio mdomo wenu. Wengi wao hukaa kimya katika vikao kwa sababu hawana cha kushika mkononi. Wapeni hesabu ya kijiji, waingie nayo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni lini mara ya mwisho watu walikuja kutuhesabu? Tulirudishiwa nini?
2. Katika mnyororo ule kutoka habari hadi tendo, pete gani hukatika zaidi katika kijiji chetu?
3. Ni jambo gani moja tungependa kulihesabu? Tukijua jibu, tutafanya nini?
4. Nani kati yetu anaweza kuongoza kipindi cha kusoma, hata kama hakusomea ualimu?
5. Ni watoto gani ambao hesabu yetu inaweza kuwapita?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanakikundi aanze na nyumba yake mwenyewe. Mtoto wako, au mjukuu wako, akusomee aya moja ya Kiswahili leo jioni. Wewe usiyejua kusoma, mwite jirani akusikilizie. Usimkemee mtoto. Chora mstari mmoja katika daftari la kikundi: upande wa kulia kama amesoma, upande wa kushoto kama bado. Mkutano ukifika, katibu ajumlishe mistari, na kikao kisifungwe kabla ya kuandika tendo moja, jina la atakayelianza, na tarehe.